Shetani Alinipitia: Wazimu, Hatia na Msimulizi Asiyeaminika

KUNA sentensi fupi ambayo kila mzungumzaji wa Kiswahili huku Pwani ameisikia, kama si mtaani basi redioni habari za mahakama zikisomwa: “Shetani alinipitia.” Huisema aliyeiba, huisema aliyempiga mkewe, na huisema hata aliyeua. Ni maneno mawili tu. Hebu tuyapasue kisarufi: a-li-ni-pitia. Mtenda ni nani? Shetani. Mtendwa ni nani? Mimi. Mkosaji amegeuka njia, na shetani ndiye msafiri aliyepita zake. Sasa, nani huishtaki njia kwa makosa ya mpita njia?

Katika makala haya ninadai kwamba sentensi hiyo ndiyo mbegu ya hadithi ya kutisha ya Pwani yetu, kuanzia Mtwapa hadi Marereni. Anayetaka kumwelewa msimulizi mwenye wazimu au mwenye hatia asianze kwa kutafuta mizimu na milango inayolia usiku. Aanze kwa kitenzi. Humo ndimo hatia inamojificha, na humo ndimo inamofichuliwa.

Wahakiki wengi huufungua mjadala huu Ulaya, na si vibaya tukipita huko kwa haraka. Mkondo wa hadithi za kutisha unaoitwa Gothiki huhesabiwa kuanzia 1764, Mwingereza Horace Walpole alipochapisha The Castle of Otranto, riwaya ya kasri lenye siri na laana. Ngome, giza, makaburi, ukoo wenye dhambi ya kale: ndiyo samani ya mkondo huo. Ila aliyeitoa hofu ngomeni na kuitia ndani ya fuvu la mtu ni Mmarekani Edgar Allan Poe. Mwaka wa 1843 alichapisha The Tell-Tale Heart, hadithi fupi ya kurasa chache tu. Msimulizi hana jina. Anamuua mzee anayeishi naye nyumba moja, anamzika chini ya mbao za sakafu, halafu askari wanapofika anadhani anausikia moyo wa marehemu ukidunda chini ya miguu yao. Hakuna aliyemshtaki. Anajishtaki mwenyewe kwa sauti.

Msimulizi wa aina hii baadaye alipata jina. Mhakiki Wayne Booth, katika kitabu chake The Rhetoric of Fiction cha 1961, alimwita kwa istilahi ambayo sisi tunaitafsiri kama msimulizi asiyeaminika. Ni yule ambaye maneno yake hayalingani na yale ambayo kazi yenyewe inatuonyesha. Anasema hivi, ushahidi unasema vile, na msomaji anaachwa katikati apime.

Haya yote hufundishwa. Jambo ambalo halisemwi mara nyingi ni hili: mzee wa Poe aliuawa kwa ajili ya jicho lake. Msimulizi hakumdai, wala hakutaka mali yake, hivyo ndivyo anavyodai. Jicho moja la mzee, lenye utando, ndilo lililomtia baridi ya damu hadi akaona hana budi kuliondoa duniani.

Msomaji wa Marekani hulichukua jicho hilo kuwa ishara. Msomaji wa Ganze, Kaloleni au Magarini halichukui kuwa ishara hata kidogo. Kwake hiyo ni habari ya gazetini. Kwa miaka mingi sasa vyombo vya habari vimeripoti mauaji ya wazee wa Kaunti ya Kilifi wanaotuhumiwa uchawi, na ushahidi unaotajwa dhidi yao ni nini? Mvi. Macho mekundu. Wapo wazee waliofikia kupaka nywele rangi nyeusi ili uzee usiwatie hatiani. Huko Ganze kuna Kaya Godoma, mahali ambapo wazee waliofukuzwa kwao kwa tuhuma hizi hupewa hifadhi. Kwa hivyo tunaposoma hadithi ya kijana aliyemuua mzee kwa sababu ya jicho, sisi hatusomi ndoto ya mbali. Tunasoma jambo ambalo mwandishi wa Pwani ana wajibu wa kulijua kuliko Poe.

Lakini kuna tofauti, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha hoja yangu. Msimulizi wa Poe anashikilia kwamba hana wazimu. Anajigamba kwa utulivu wake, mipango yake, ujanja wake. Anaikana kichaa kwa sababu kichaa kingemnyang'anya sifa. Msimulizi wetu hufanya kinyume. Yeye huikimbilia hali ya kutokuwa na akili zake: sikuwa mimi, nilipitiwa, nilipandwa, kichwa kiliruka. Yule anasema ni yeye na akili yake timamu. Huyu anasema hakuwepo. Wote wawili hawaaminiki, ila uongo wao unaelekea pande mbili. Mwanafunzi akipewa kipimo cha Poe peke yake ampimie msimulizi wa Pwani, atapima unga kwa futi.

Wazimu na mzimu

Tofauti hiyo imo katika lugha yenyewe. Tazama neno wazimu. Liweke kando ya mzimu, kisha kando ya kuzimu. Ni mzizi mmoja wa kale wa Kibantu. Mwendawazimu, kwa asili ya neno, si mtu aliyevunjika ubongo. Ni mtu aliyeingia himaya ya wasiokuwa hai. Lugha imekwisha kutoa tafsiri ya ugonjwa kabla daktari hajafika. Ongeza hapo maneno mengine: kupagawa, ambalo ni kutendwa kwa kupagaa, yaani pepo amekuingia, kupandisha, ambako mashetani hupanda kichwani, kurukwa na akili, ambako akili yenyewe ndiyo iliyoruka na mwenyewe akaachwa chini akitazama. Katika maneno haya yote, hebu nionyeshe ni wapi mgonjwa anatenda. Hakuna. Kila mara anatendwa.

Tena wanaojua ngoma za pepo wanajua kwamba mtu aliyepandwa huitwa kiti. Pepo ndiye anayekaa. Fundi humwuliza pepo jina lake, kwao na anachotaka, naye pepo hujibu kwa kinywa cha kiti, pengine kwa lugha ambayo kiti hadai kuijua. Basi jiulize: neno “mimi” likitamkwa pale, linamrejelea nani? Wanaisimu hutwambia kwamba mimi ni yule anayesema. Ngomani mambo si mepesi hivyo. Kinywa ni cha mmoja na kauli ni ya mwingine.

Hapo ndipo nadharia ya msimulizi asiyeaminika inapohitaji kupanuliwa. Kwa kawaida mhakiki huuliza maswali mawili: Je, msimulizi huyu anadanganya? Au amechanganyikiwa? Pwani inadai swali la tatu: Je, ni yeye anayesema? Hadithi ya kutisha iliyo nzuri ni ile inayoyaacha maswali yote matatu wazi hadi mwisho, msomaji asijue kama amekaa mbele ya mwongo, mgonjwa au kiti.

Said Ahmed Mohamed aliipa mojawapo ya diwani zake za hadithi fupi, iliyochapishwa 1985, jina la Si Shetani si Wazimu. Hata kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza, jina hilo ni makala nzima ya uhakiki. Linavikana visingizio vyetu viwili vikongwe kwa pigo moja. Si shetani. Si wazimu. Ikiwa si huyu wala si kile, basi nani aliyebaki chumbani? Ni mtu. Mtu na jamii yake.

Na kabla yake kulikuwa na Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa 1960, kinatupeleka hadi penye mzimu, mahali pa matambiko, ambapo maiti imekutwa. Kila mtu yuko tayari kumwachia mzimu kesi hiyo. Bwana Msa, na kiko chake, anakataa kuuweka mzimu katika orodha ya washukiwa. Anataka mtu mwenye mkono na sababu. Tumezoea kukiita kitabu hicho riwaya ya upelelezi, na ndivyo kilivyo. Ila nakiona pia kuwa jibu la Kiswahili kwa Gothiki: hofu ya mizimu ni pazia zuri sana la kumfunika muuaji, na anayelishona pazia hilo mara nyingi ndiye aliye nyuma yake.

Sisemi kwamba hofu yenyewe ni ya uongo. Nenda Gede, mji wa kale uliofunikwa na msitu kati ya Watamu na Malindi, ulioachwa na watu wake katika karne ya 17 na ambao mwaka 2024 uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya turathi za dunia. James Kirkman, mwanaakiolojia aliyeanza kuufukua mwaka 1948, hakuwa mtu wa hirizi. Hata hivyo aliandika kwamba siku za mwanzo alihisi kama kuna mtu au kitu kinachomtazama kutoka nyuma ya kuta. Msimulizi mwaminifu hufanya hivyo: hutofautisha alichokiona na alichokihisi. Hakusema kulikuwa na mtu. Alisema alihisi.

Na neno letu kwa mahali kama pale ni gofu. Gofu la nyumba. Lakini Waswahili husema pia gofu la mtu, yaani aliyekonda akabaki mifupa. Poe alihitaji hadithi nzima, ile ya kuanguka kwa nyumba ya Usher, kuonyesha kwamba nyumba inayobomoka na akili inayobomoka ni kitu kimoja. Sisi tunalo neno moja linalobeba yote mawili, na waandishi wetu wa hadithi za kutisha bado wanaazima kasri za Wazungu! Mbona?

Kusutwa

Tumezungumzia wazimu. Sasa hatia. Neno hili limetujia kutoka Kiarabu, na katika matumizi ya leo limeegemea upande wa mahakama. Mtu hupatikana na hatia. Hatia ni hukumu inayotoka nje. Kile kinachomla mtu usiku tunakiita kwa jina jingine: majuto, au tunasema dhamiri inamsuta.

Kitenzi hicho kisuta hakijachunguzwa vya kutosha. Katika miji ya Waswahili, kusuta si jambo la moyoni. Ni shughuli ya mlangoni. Mtu amekuzulia neno. Unakusanya mashahidi, mnakwenda hadi kwake, na mbele ya majirani anaambiwa wazi kwamba alilosema ni uongo. Anayesutwa huadhirika. Hawezi kujibu, maana waliosikia wapo. Basi tunaposema dhamiri inamsuta mtu, tunasema kwamba ule umati wa mlangoni umeingia ndani. Mashahidi wamekaa kifuani mwake, na hakuna dirisha la kutokea.

Ukiisoma upya hadithi ya Poe kwa neno hili inanyooka. Sauti inayodunda chini ya sakafu si miujiza wala si ugonjwa wa masikio. Ni kusutwa. Aliyezulia jicho la mzee ubaya, sasa anasutwa mbele ya askari, na kila anapoinua sauti kujitetea mashahidi wa ndani wanainua yao. Lugha ya Kiingereza ina neno moja la hatia ya mahakamani na ya moyoni, na kwa hivyo wahakiki wake huhangaika kuzitenganisha. Kiswahili kimezitenganisha tayari. Mtu anaweza kuwa na hatia asisutwe, na anaweza kusutwa na asipatikane na hatia. Kati ya hizo mbili ndipo hadithi ya kutisha inapoishi.

Kimevunjika au umekivunja?

Tulete sasa mfano. Haufuatao ni wa kubuni, nimeutunga kwa ajili ya somo hili tu:

“Mimi sina ugomvi na mtu. Ami ndiye aliyenilea, kijiji kizima ni shahidi. Ila ilikuwa inasemwa. Watoto watatu walikufa mwaka ule, na mvi zake zikawa zinazidi. Usiku huo shetani alinipitia. Panga lilikuwapo tu pale mlangoni. Kelele zikasikika. Kulipokucha mzee alikuwa amekwisha lala. Hati ya shamba sikuigusa. Ilikuwa mfukoni mwangu tangu jana yake.”

Mwanafunzi wa kidato cha nne ataandika kwamba msimulizi ni wa nafsi ya kwanza, kwa hivyo tunapata habari kutoka kwa mhusika mwenyewe, nazo ni za kuaminika. Atapewa alama. Nami nasema pole pole, bwana!

Hesabu vitenzi. Ni mara ngapi “mimi” ndiye mtenda? Mara mbili pekee: sina ugomvi, na sikuigusa. Zote mbili ni za kukana. Mahali pengine popote yeye ni mtendwa au hayupo kabisa: alilelewa, alipitiwa. “Ilikuwa inasemwa”, lakini na nani? Kauli ya kutendwa imemfuta msemaji. “Kelele zikasikika”, lakini za nani, na zilisababishwa na nini? Kauli ya kutendeka imemfuta mtenda na mtendwa pamoja. “Panga lilikuwapo tu.” Hilo “tu” ni dogo lakini limebeba mzigo wa maiti. “Amekwisha lala” ni tasfida, kifo kimevishwa shuka.

Kila mzazi anakijua kitendawili hiki. Mtoto anakuja jikoni anasema, “Mama, kikombe kimevunjika.” Naye mama, bila kusoma isimu popote, anauliza, “Kimevunjika au umekivunja?” Hilo ndilo swali lote la uhakiki wa msimulizi asiyeaminika. Kauli ya kutendeka ni hazina ya Kiswahili. Inaturuhusu kuelezea tukio kama kwamba limejitokea lenyewe duniani. Ni nzuri kwa mvua na kwa maua. Kwa mauaji ni maficho.

Halafu inakuja hati ya shamba. Hakuna aliyemwuliza habari za hati. Ameitaja mwenyewe, kwa kukana, na katika kukana akatupa tarehe: tangu jana yake. Yaani kabla shetani hajapita. Shetani gani huyo anayetanguliza makaratasi? Hapa ndipo moyo unapodunda chini ya sakafu. Msimulizi amesutwa na sentensi yake mwenyewe.

Angalieni pia kwamba sikuhitaji mzuka hata mmoja. Kinachotisha katika aya ile ni utulivu wake.

Msimulizi anapokuwa kijiji

Lakini tusimwonee kijana huyo peke yake. Kuna msimulizi mwingine katika aya hiyo, naye ni hatari zaidi: yule wa “ilikuwa inasemwa”. Huyo hana uso. Ni sisi. Fasihi simulizi yetu humtambulisha fanani wazi: kabla ya kuanza, hadhira na fanani hukubaliana kwamba hadithi ije na uongo wake uje nayo, ili utamu ukolee. Hapo hakuna anayedanganywa. Kila mtu ameketi akijua anachokula. Uvumi hauna adabu hiyo. Unakuja bila kubisha hodi, hausemi ni hadithi, na una methali ya kuutetea: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo ni ya hekima ikitumiwa na mtu mwangalifu. Ikitumiwa na umati wenye mapanga ni shahidi wa uongo.

Chukua watoto watatu waliokufa katika mfano wetu. Kiswahili kina neno degedege kwa ajili ya mtukutiko wa mtoto mwenye homa kali, na wengi hapo kale, na baadhi hata leo, waliuhusisha na ndege au pepo anayempitia mtoto. Umeona? Kupitiwa tena. Mjini Kilifi kuna kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust, kilichoanzishwa 1989, ambacho kwa miongo kadhaa kimechunguza malaria kali ya watoto na degedege linaloandamana nayo. Hao nao ni wasimulizi. Wanasimulia kifo kilekile kwa vitenzi vingine: mbu aliuma, vimelea viliingia, ubongo uliathirika, dawa ilichelewa. Katika masimulizi yao mzee mwenye mvi hayumo. Mwandishi mwenye busara hatawafanya wahadhiri ndani ya hadithi, lakini atajua kwamba masimulizi yao yapo, na kwamba msimulizi wake amechagua kutoyasikia.

Sheria nayo imejaribu kuwa msomaji wa wasimulizi kama hawa. Mwaka uleule wa 1843 ambao Poe alichapisha hadithi yake, huko London mtu aitwaye M'Naghten alimpiga risasi na kumuua katibu wa waziri mkuu, akaonekana hana akili timamu. Kutokana na kesi hiyo majaji waliweka kipimo: je, mtu alijua anachokitenda, na kama alijua, alijua kwamba ni kosa? Kipimo hicho kilisafiri na ukoloni, nacho kimo katika kifungu cha 12 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya. Kwa muda mrefu sheria yetu ya mwenendo wa kesi za jinai ilitoa uamuzi ambao kwa Kiswahili chepesi unasomeka hivi: ana hatia lakini alikuwa mwendawazimu. Wazimu na hatia vikakalishwa katika sentensi moja, vikiunganishwa kwa “lakini”. Mshairi asingeweza kukaza zaidi.

Na kuhusu uchawi, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Kinene iliyotoka Uganda mwaka 1941, ilikubali kwamba anayeamini kwa dhati kuwa amemfumania mchawi akitenda mbele ya macho yake anaweza kuhesabiwa kuwa alichokozwa, na kosa lake likashushwa kutoka kuua kwa kukusudia. Lakini mahakama zilishikilia kwamba imani tupu au uvumi haitoshi. Yaani hata majaji wale wa kikoloni walisikiliza vitenzi. “Niliona” ni kitu kimoja. “Ilikuwa inasemwa” ni kitu kingine.

Kwa waandishi na walimu

Basi tunafanya nini na haya yote? Nina mambo matatu.

La kwanza ni kwa mwandishi chipukizi wa Malindi, Watamu, Mariakani au kokote. Acha kumfanya mwendawazimu kuwa zimwi. Katika hadithi nyingi za vijana ninazozisoma, mtu mwenye ugonjwa wa akili huingizwa ili kuua, kisha hadithi ikaisha. Huo ni uvivu, na ni dhuluma. Wagonjwa wa akili tunaowajua vijijini kwetu mara nyingi zaidi ndio wanaopigwa mawe, wala si wapigaji. Tena kisanaa ni udhaifu: wazimu ukieleza kila kitu, hakuna alichobaki nacho msomaji cha kutafuta. Kazimoto wa Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya 1974, anasimulia maisha yake hadi anapofikia kujiua, na hatuwezi kumweka kando kwa kumwita kichaa. Ni msomi, anaona mbali, na bado hatuwezi kumwamini kila anapojieleza. Ndiyo maana bado anatuhangaisha miaka hamsini baadaye.

La pili, msitu na gofu si mapambo. Baada ya yale yaliyofukuliwa Shakahola mwaka 2023, hakuna mwandishi wa Kilifi anayeweza kuandika “msitu ulikuwa kimya” bila kulipia ukimya huo. Ukitaka kutisha, tisha kwa ajili ya jambo. Hadithi inayotia watu hofu ya wazee wao imekwisha kuchukua panga. Hadithi inayotufanya tuogope sauti ya “inasemwa” imemwokoa mtu.

La tatu ni kwa walimu. Msimulizi wa nafsi ya kwanza asifundishwe kama dirisha. Afundishwe kama shahidi kizimbani. Mpe mwanafunzi kalamu nyekundu, mwambie apige mstari chini ya kila kitenzi, halafu aulize: nani mtenda? Amefichwa na kauli ipi? Na kwa nini msimulizi amekana jambo ambalo hakuulizwa? Akimaliza hadithi fupi moja hivyo, amejifunza sarufi na amejifunza uhakiki kwa mkupuo mmoja. Na siku atakapokaa barazani akasikia kwamba fulani, yule mzee wa mvi, inasemekana kwamba, atakuwa na zoea la kuuliza: inasemekana na nani?

Swali hilo ni fupi kuliko hadithi yoyote ya Poe. Huko Ganze wapo wazee ambao usingizi wao unategemea mtu mmoja kuliuliza kwa sauti.